Nabebwa chumbani, nadaiwa ada, na mitihani imebaki wiki tatu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 22, nipo mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kwetu ni Kasulu. Naomba usitaje jina langu wala la chuo.

Mwaka wa kwanza nilikwenda vizuri, nilipata GPA ya 3.6. Mwezi wa tatu mwaka huu baba alianguka shambani, akapelekwa hospitali, wakasema figo zimeshindwa kufanya kazi. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limeingia juzi yake. Katika laki sita nikatuma nyumbani laki nne na nusu. Baba hakumaliza wiki. Nilipanda basi kwenda kuzika bila kumuaga mtu yeyote chuoni, nikakaa nyumbani siku kumi na tisa kwa sababu mama hakuwa na hali nzuri na mimi ndiye mkubwa. Niliporudi nikakuta testi mbili zimefanyika, na kazi ya kikundi wenzangu wameikusanya bila jina langu.

Bodi ya Mikopo inanilipia ada asilimia 40 tu. Iliyobaki alikuwa analipa baba kwa kuuza maharage. Sasa nadaiwa 540,000 na nimeambiwa bila kulipa sipati namba ya mtihani. Chumba nilichopanga mtaani nimeshindwa kodi, kwa hiyo nabebwa na rafiki yangu hosteli, yaani nalala kwake bila kuandikishwa. Kitanda kimoja, tunalala mzungu wa nne.

Nikakopa kwenye programu za simu, tatu, hii nikilipia ile. Siku nilipochelewa walituma ujumbe kwa watu walio kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli. Umemfikia mpaka mwalimu wangu wa sekondari na CR wetu, yaani kiongozi wa darasa. Tangu siku hiyo darasani sijakanyaga.

Kuna mtu pale chuoni, si mwalimu, anasema anajuana na watu wa mitihani. Nikitoa laki moja na nusu zile testi mbili "zitaonekana". Rafiki yangu anakataa, anataka niende kwa Dean wa wanafunzi. Mimi naogopa. Kesi zote za hosteli zinaishia kwa Dean, nikienda nitakuwa nimejipeleka mwenyewe, na rafiki atanyang'anywa kitanda kwa ajili yangu. Nasikia pia ukienda kwa kaunsela wanafungua faili kwamba una matatizo ya akili, ukimaliza hupati kazi.

Siku hizi nalala hadi saa nane mchana. Njaa sisikii. Nikifungua daftari herufi naziona lakini hazisomeki. Nafikiria niache chuo nikaendeshe bodaboda Kasulu nimsaidie mama. Kuna usiku naomba tu nilale nisiamke. Mitihani imebaki wiki tatu, sijui nishike lipi.

Kijana wa Kasulu


Marahaba mwanangu.

Pole kwa msiba. Umemzika mzee, umerudi mjini, na tangu hapo hujapata hata siku moja ya kukaa ukalia, maana madeni yalikuwa yanakusubiri stendi. Kwanza uelewe kwamba kwa mtu aliyepitia miezi uliyoipitia wewe, kushindwa kusoma ni jambo la kutarajiwa. GPA ya 3.6 haikupotea kwa uvivu.

Katika barua yako kuna sentensi umeipitisha haraka, karibu na mwisho, kama mtu anayetaka isionekane. Unaomba ulale usiamke. Nimeisoma mara nyingi kuliko sentensi nyingine zote, na kabla ya ada, kabla ya testi, naanza nayo.

Leo hii mwambie rafiki yako maneno hayo hayo uliyoniandikia. Usiyapunguze makali. Mtu anayegawana nawe kitanda cha futi tatu hatakukimbia kwa neno hilo. Kesho asubuhi mwende naye mpaka zahanati ya chuo, na ukifika kwa daktari usiseme "naumwa kichwa". Sema: nimefiwa na baba, silali usiku nalala mchana, sili, siwezi kusoma, na kuna usiku natamani kufa. Daktari akisikia hayo anajua pa kuanzia. Kama usiku wowote wazo hilo likizidi, usingoje kupambazuke. Mwamshe rafiki yako, nendeni hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura. Hospitali kubwa za Dar es Salaam zina madaktari wa afya ya akili, na wewe hutakuwa mwanafunzi wa kwanza kuingia pale.

Bima unayo. Angalia orodha ya michango uliyolipa mlipofungua mwaka. Wengi wenu mnailipa bila kuisoma. Kwa miaka mingi bima ya mwanafunzi kupitia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na kwenye orodha hiyo hiyo utakuta mchango wa serikali ya wanafunzi, na shilingi 20,000 inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu kwa ajili ya kusimamia ubora. Nakutajia hayo kwa sababu naona unaziogopa ofisi kama mtu anayekwenda kuomba msaada kwa jirani. Zahanati, mshauri nasaha, msimamizi wa hosteli, Waziri wa Mikopo wa serikali yenu ya wanafunzi, wote hao wapo pale kwa ajili yenu, na sehemu ya gharama yao imetoka kwenye maharage ya baba yako.

Kuhusu faili la kaunsela. Nimefanya kazi miaka tisa katika ofisi ya huduma kwa wanafunzi, na uvumi huo nilikuwa naukuta kila mwaka kwa wanafunzi wapya na wa zamani. Mwajiri anataka cheti na matokeo yako. Karatasi za zahanati na maandishi ya mshauri nasaha hayaendi kwa walimu wako, hayaambatanishwi na cheti. Kinachotoka kwa daktari kwenda kwenye idara ni barua fupi inayosema mwanafunzi huyu kwa sasa hana afya ya kufanya mtihani, basi. Ugonjwa wenyewe si lazima utajwe, na una haki ya kuomba usitajwe. Hali uliyoieleza, ya usingizi kugeuka na herufi kukataa kusomeka, madaktari wanaijua. Huenda ni sonona, huenda ni majonzi ya msiba yaliyokosa pa kutokea. Hilo ataamua yeye akikuona. Yote mawili yanatibika.

Sasa mitihani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona vijana wengi wazuri wakipotea kwa kutojua tofauti ya maneno mawili.

Kuna kutofanya mtihani, na kuna kuahirisha mtihani. Kwa mtu aliyelala chumbani vinafanana kabisa, maana siku ya mtihani wote wawili hawapo ukumbini. Kwa chuo ni mbingu na ardhi. Asiyetokea bila taarifa anahesabiwa ametoroka mtihani, na kanuni za vyuo vyetu ni kali sana hapo, mara nyingi adhabu yake ni kudisko, yaani kuondolewa chuoni, moja kwa moja hata kama masomo mengine umefaulu. Aliyeandika barua mapema, akaambatanisha ushahidi, akajibiwa kwa maandishi, huyo anafanya mtihani maalumu, ule mnaouita speshali, kwa kawaida pamoja na wanaosapu, yaani wanaorudia mitihani waliyofeli, katika likizo ndefu.

Tena speshali si sapu. Nimewahi kukaa na mwanafunzi aliyekataa kuahirisha kwa sababu alidhani "yote ni sapu tu", akaingia ukumbini akiwa na homa, akafeli matatu. Anayesapu, hata akipata alama za juu namna gani, katika vyuo vingi anaandikiwa C. Anayefanya speshali anafanya mtihani kwa mara ya kwanza, anapata daraja lake kamili, na A anaweza kuipata. Kwa mtu mwenye 3.6 hiyo ni tofauti ya kazi kesho na kesho kutwa.

Kipo pia cha tatu, kuahirisha mwaka au muhula mzima. Hicho usikikimbilie kabla hujazungumza na daktari na idara. Ukiahirisha mwaka, malipo ya Bodi yanasimama mpaka chuo kithibitishe kwamba umerudi, na ukikosea utaratibu unaweza kurudi ukakuta jina lako halipo kwenye orodha ya kusaini fedha za mkopo. Kama daktari atasema unahitaji muda mrefu wa kupumzika, sawa, afya kwanza. Lakini hata hapo, kabla ya kubeba begi, pita kwa afisa mikopo wa chuo, uondoke na karatasi mkononi.

Mimi kwa hali yako ningeomba kuahirisha mitihani ya muhula huu, nipate wiki kadhaa za matibabu na kusoma, nifanye speshali. Barua andika hata leo usiku. Nusu ukurasa unatosha. Juu andika YAH: MAOMBI YA KUAHIRISHA MITIHANI YA MUHULA WA PILI, ielekeze kwa mkuu wa kitivo chako, kupitia kwa mkuu wa idara. Jina, namba ya usajili, mwaka, programu unayosoma. Kisha eleza kwa mpangilio wa tarehe: baba aliugua lini, alifariki lini, ulisafiri lini, ulirudi lini, zipi testi hukufanya, na hali ya afya yako sasa. Usiombe radhi kurasa mbili. Usisimulie madeni ya simu humo. Ofisi nyingi zimezoea Kiingereza, lakini kama Kiswahili ndicho kitakachokutoa leo, andika kwa Kiswahili, wenzako wa idara watakusaidia baadaye. Toa nakala mbili, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila huo muhuri. Barua nyingi hupotea mezani, ikitokea hivyo muhuri ndio utakaokusemea.

Ushahidi wa msiba unaupata hivi. Mwambie mama au mdogo wako aende kwa mtendaji wa kijiji, apewe barua inayothibitisha kifo, tarehe na uhusiano wako na marehemu. Apige picha, akutumie kwa simu, hiyo itatosha kuanzia. Halafu kuna tangazo la kifo lililotolewa hospitalini. Msilitupe kabisa, ndilo linalozaa cheti cha kifo. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, nyinyi zimepita, lakini bado kinasajiliwa kwa utaratibu wa waliochelewa, pale pale ofisi ya wilaya. Cheti hicho kitakufaa mara mbili, na nitakuambia kwa nini.

Zile testi mbili, katika barua hiyo hiyo omba zirudiwe. Mwalimu hana wajibu wa kumbembeleza mtu aliyetoweka, ila wengi wao, wakijua ulikuwa unazika, watakutungia testi nyingine. Wapo watakaokataa. Ndiyo maana nataka uende na barua, na uanze na mshauri wako wa masomo, yule mwalimu mliyepangiwa mwaka wa kwanza na pengine hamjawahi kuonana.

Twende kwa Dean, yaani ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi.

Unamwona kama askari wa hosteli, na sikulaumu, maana wanafunzi wengi jina lake wanalisikia siku ya msako. Lakini kazi ya ofisi ile ni pana zaidi. Huko ndiko anakokaa au anakotokea mshauri nasaha, ndiko wanakopita wanafunzi wenye ulemavu, waliofiwa, wajawazito, waliokosa pa kulala. Dean anaweza kupiga simu moja kwa mhasibu, simu ambayo wewe ungesimama foleni siku nne bila kuipata. Nenda saa mbili asubuhi ofisi inapofunguliwa, kabla hajaingia kwenye vikao.

Kubebwa ni kosa katika kanuni za hosteli, nisikudanganye. Lakini mtu anayekuja mwenyewe na kusema "nimefiwa, nimeshindwa kodi, sina pa kulala, naomba nafasi" anapokelewa tofauti na anayefumaniwa saa saba usiku. Jina la rafiki yako huna haja ya kulitaja. Sema unahifadhiwa na mwenzako, omba nafasi. Muhula ukielekea mwisho vitanda huwa vinapatikana, kuna walioahirisha, kuna waliohamia mtaani. Nilikuwa nawatafutia mimi mwenyewe. Sikuwahi kumfukuza hata mmoja aliyekuja kwa miguu yake kunieleza shida, na wenzangu wengi niliofanya nao kazi walikuwa hivyo hivyo. Ukimkuta mkali, usirudi chumbani kulala. Omba kuonana na mshauri nasaha, au mwambie kiongozi wa serikali ya wanafunzi aingie pamoja nawe. Viongozi wenu wana haki ya kuzungumza kwa niaba yenu, wape kazi.

Ada. Barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, kwenda kwa mkuu wa fedha kupitia kwa Dean: omba kulipa kwa awamu, taja kiasi unachoweza na tarehe unayoiweza kweli. Kama mitihani imeahirishwa, presha ya namba ya mtihani inapungua, unapata pumzi mpaka kipindi cha speshali. Na hapa ndipo cheti cha kifo kinaporudi. Asilimia 40 ya ada ulipangiwa wakati baba yupo. Uyatima ni moja ya mambo ambayo Bodi ya Mikopo inayaangalia, na kila mwaka hufungua dirisha la rufaa kwa ambao hawakuridhika na walichopangiwa. Cheti kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki unachukua siku zake, ndiyo sababu nakuambia uanze sasa, dirisha likifunguliwa ukute umejiandaa. Siwezi kukuahidi watakuongezea. Lakini bila cheti, kwenye mfumo wao baba yako bado yupo hai na analipa.

Yule mtu wa laki na nusu, mwanangu, achana naye leo. Hana ufunguo wa ofisi yoyote. Anakula hela za wanafunzi walioshikwa na hofu, na alama zisipoonekana huna pa kumshtaki kwa sababu na wewe umetoa rushwa. Zikionekana kwa njia hiyo, siku zikigundulika unafutiwa matokeo na pengine shahada. Akikuandama, TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113. Na dada zenu ambao badala ya hela wanaombwa miili yao, namba ni hiyo hiyo, sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na vyuo siku hizi vina madawati ya jinsia kwa kesi hizo. Nimeingiza hilo hapa kwa sababu najua barua hii wataisoma wao pia.

Madeni ya simu usiyalipe tena kwa kukopa kwingine. Andika mahali umekopa wapi, ulipokea shilingi ngapi, umerudisha ngapi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni; linganisha na zako. Kuwatumia watu walio kwenye simu yako ujumbe wa kukuaibisha hakuruhusiwi, na tangu mwaka 2022 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Hifadhi picha za jumbe hizo, usifute, peleka polisi na Benki Kuu. Kama chuo chenu kina kitivo cha sheria, ulizia kama kina kliniki ya msaada wa kisheria. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho na walimu wao husaidia bila malipo. Kwa CR mwandikie mstari mmoja: nilifiwa, nilikopa, nashughulikia. Hata mwalimu wako wa sekondari mpigie. Aliyekufundisha mpaka ukafika chuo kikuu hawezi kukuita tapeli kwa ujumbe wa watu asiowajua.

Bodaboda ni kazi halali na imesomesha watoto wengi. Lakini ukiondoka sasa bila karatasi, deni la Bodi litabaki na jina lako, mwaka na nusu uliosoma utakuwa umekwenda, na mama atakuwa na mtoto aliyerudi nyumbani akiwa mgonjwa. Mweleze mama ukweli, hata nusu yake. Mwambie huenda mitihani ukaifanya baadaye kidogo kwa sababu ya msiba. Ataelewa, yeye ndiye anayejua msiba huo ulikuwa mzito kiasi gani.

Ukishaonana na daktari niandikie, hata maneno mawili. Na kabla hujafunga simu hii, mguse rafiki yako hapo kitandani, mwambie ile sentensi.

Shangazi yako